Mkono wa Mwisho: Historia ya Makosa ya Hospitali

Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliandikisha sheria zake kwenye jiwe yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, na daktari hakusahauliwa humo. Daktari akimpasua muungwana kwa kisu cha shaba akamuua, au akamharibu jicho, na akatwe mikono. Aliyekufa akiwa mtumwa, daktari amlipe bwana wake mtumwa mwingine. Sheria ile haikuuliza nani alikinoa kisu, wala kama mgonjwa aliletwa roho ikiwa kooni. Iliutazama mkono uliomgusa mgonjwa mwisho, basi.

Tangu hapo zimepita karne zinazokaribia arobaini. Katika muda huo wametokea watu wachache waliothubutu kutazama nyuma ya mkono huo: chumba alimotoka daktari, saa alizokesha, chupa mbili zilizofanana, faili lililobeba jina la mtu mwingine. Wengi wao hawakupokewa vizuri.

Vienna, 1846–1865

Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, katika ya pili wakunga. Wajawazito walipokelewa kwa zamu, leo wodi hii, kesho ile. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilipoteza wanawake 459 kati ya 4,010 waliojifungua humo, yaani zaidi ya asilimia 11. Ya pili ilipoteza 105 kati ya 3,754, chini ya asilimia 3. Mjini habari hizo zilijulikana. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine waliona heri wajifungulie njiani. Ajabu ni kwamba hao wa njiani hawakupatwa na homa ya uzazi kama wale waliolazwa chini ya macho ya maprofesa.

Daktari msaidizi wa wodi ya kwanza alikuwa Ignaz Semmelweis, kijana wa Hungaria. Alifuta sababu moja baada ya nyingine: msongamano, hewa, chakula, hata kengele ya padri aliyepita kuwapaka mafuta wanaokufa. Mwezi Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa uchunguzi wa maiti, alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis alipoisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, aliukuta ugonjwa uleule wa wazazi wa wodi ya kwanza. Hapo mambo yakafunuka. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja kuwapima wajawazito. Wakunga hawakupasua maiti.

Mwezi Mei akaamuru kila anayeingia wodini anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili vifo vilikuwa asilimia 18. Juni vikashuka hadi asilimia 2 na kitu, Julai asilimia 1.2.

Kilichofuata si shangwe. Nadharia ya vijidudu ilikuwa bado, kwa hiyo hakuweza kueleza ni kitu gani hasa kilichobebwa mkononi. Tena madai yake yalimaanisha kwamba mabwana wenye shahada ndio waliokuwa wakiwaua wagonjwa wao. Mkataba wake haukuongezwa, na mwaka 1850 akaondoka Vienna bila kuaga, akarudi Pest. Lakini lipo jambo ambalo wapenzi wake hulipita haraka. Kitabu chake hakikutoka hadi 1861, na kilipopingwa aliandika barua za wazi akiwaita maprofesa wauaji. Mtu aliyegundua kwamba ubaya ulikuwa katika njia ya kutoka chumba cha maiti hadi wodini, alipokasirika aliiacha njia akashika watu. Mwaka 1865 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa humo baada ya wiki mbili. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Boston, 1911–1919

Nusu karne baadaye, mpasuaji wa Boston, Ernest Amory Codman, alikuwa na wazo ambalo leo lingeonekana la kawaida kabisa. Kila mgonjwa aliyepasuliwa afuatiliwe angalau mwaka mmoja, na kwenye kadi iandikwe: alikuja na nini, alifanyiwa nini, amepona au la, na kama hakupona, kwa nini. Kisha matokeo yatangazwe. Hospitali Kuu ya Massachusetts, alikofanya kazi, ililikataa. Alijiuzulu mwaka 1914 na kubaki na hospitali yake ndogo aliyoifungua mwaka 1911. Huko, hadi 1916, waliruhusiwa wagonjwa 337, na yeye mwenyewe akachapisha kwamba kati yao alihesabu makosa 123, akiyapanga kwa aina: upungufu wa ujuzi, wa uamuzi, wa uangalizi, wa vifaa, wa utambuzi wa ugonjwa. Hakuna hospitali jirani iliyochapisha hata moja.

Codman hakuwa mtu wa kubembeleza. Januari 1915, mbele ya mkutano wa madaktari, alifunua katuni kubwa: mbuni aliyezika kichwa mchangani, akiwarushia madaktari mayai ya dhahabu. Mbuni alikuwa matajiri wa mjini. Mkutano uligeuka zogo, naye akavuliwa uenyekiti wa chama cha wapasuaji.

Hata hivyo wazo lake halikuzikwa lote. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani, alichosaidia kukianzisha, kilikagua hospitali 692 zenye vitanda zaidi ya 100. Zilizofikia viwango, navyo vilikuwa vya chini sana, zilikuwa 89. Viongozi walipoona majina ya hospitali mashuhuri zilizoanguka, Oktoba 1919 waliichoma orodha katika tanuri la hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, isije ikaangukia mikononi mwa waandishi wa habari. Idadi wakaitangaza, majina yakawa majivu. Mtindo huo wa kukiri kosa bila kusema limetokea wapi bado unaishi katika ripoti nyingi za wizara.

Stockholm, 1936, na London, 1952

Mwaka 1936 katika hospitali ya Maria, Stockholm, wagonjwa wanne walidungwa sindano wakidhaniwa wanapewa ganzi. Ndani ya sindano mlikuwa na dawa ya kuulia vijidudu yenye zebaki. Wote wanne wakafa. Sweden haikuishia kumtafuta aliyeshika sindano. Mwaka uliofuata ilitunga sheria, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la hospitali hiyo, Lex Maria: madhara makubwa yatokanayo na tiba lazima hospitali iyaripoti yenyewe kwa mamlaka. Serikali ilidai kupata habari za makosa kabla ya kuombwa na familia ya marehemu.

Mwaka 1952 Uingereza na Wales zikaanza uchunguzi wa siri wa kila kifo cha mzazi. Jalada lilifutwa majina ya mgonjwa, ya daktari na ya hospitali, kisha wataalamu wakaulizana: tungeweza kumwokoa vipi? Ripoti zilitoka kila baada ya miaka mitatu. Utaratibu huo ulivuka bahari baadaye, na mikutano ya kuchunguza vifo vya wajawazito na watoto wachanga inayoitishwa katika hospitali za Tanzania na Kenya ni mjukuu wake.

Mashine ya usingizi, 1978–1986

Katika hospitali ileile aliyoiacha Codman, safari hii ni mhandisi aliyeuliza swali. Jeffrey Cooper na wenzake waliwahoji wataalamu wa dawa za usingizi 47, wakawaomba wasimulie ajali na mikasa waliyoponea chupuchupu. Mwaka 1978 walichapisha matukio 359. Asilimia 82 yalikuwa makosa ya binadamu; vifaa vilivyoharibika vilihusika katika asilimia 14 tu.

Ukiishia hapo utasema: haya, wazembe ndio hao. Cooper hakuishia hapo. Aliangalia makosa yenyewe yalivyokuwa: mpira wa hewa umechomoka na hakuna aliyeona, sindano imechanganywa na ya pili yake, gesi imezungushwa pasipo kukusudia. Kulikuwa na mashine ambazo kitufe cha oksijeni kiliongeza kwa kuzungushwa kulia, na nyingine kilipunguza kwa kuzungushwa kulekule. Mtaalamu akibadilisha chumba, mkono wake unamsaliti. Mkosaji alikuwa binadamu, lakini mtego ulitegwa kiwandani.

Aprili 1982 televisheni ya ABC ilirusha kipindi kuhusu watu waliolazwa usingizi wasiamke, na Wamarekani wakashikwa na hofu. Bima za wataalamu wa usingizi zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Nadhani bima iliharakisha mambo kuliko huruma, na si vibaya kulisema. Mwaka 1985 ukaanzishwa mfuko maalumu wa usalama wa mgonjwa aliyelazwa usingizi. Hospitali za Harvard zikaweka masharti: mtaalamu asitoke chumbani, mgonjwa apimwe muda wote. Viungio vya mipira vikatengenezwa visiweze kuingiliana, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kikawa cha lazima. Taaluma iliyoogopwa kuliko zote hospitalini ikawa ya kupigiwa mfano.

New York na Boston, 1984–1999

Usiku wa kuamkia 5 Machi 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifia katika hospitali moja ya New York saa chache baada ya kulazwa na homa. Alikuwa akitumia dawa ya msongo wa mawazo, naye akachomwa pethidini, dawa isiyopatana nayo. Aliyemhudumia alikuwa daktari wa mwaka wa kwanza mwenye wagonjwa wengine wengi shingoni mwake, katika zamu ya kukesha. Baba yake, mwandishi na mwanasheria Sidney Zion, alitaka madaktari washtakiwe kwa mauaji. Baraza la mashtaka halikuwashtaki; liliunyoshea kidole utaratibu wa kuwakesheza vijana wasio na msimamizi. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, na zisizozidi 24 mfululizo. Daktari yeyote aliyefanya intern katika hospitali zetu za mikoa ataona hata saa 80 ni mapumziko.

Mwaka 1991 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kupekua majalada zaidi ya 30,000 ya hospitali 51 za jimbo hilo. Wagonjwa 3.7 kati ya kila 100 walidhuriwa na tiba yenyewe, na zaidi ya robo ya madhara hayo yalitokana na uzembe. Mmoja wao, mpasuaji wa watoto Lucian Leape, alikwenda kusoma vitabu vya saikolojia na vya marubani. Mwaka 1994 aliandika kwamba udaktari humlea mtu aamini hatakosea, kisha humwaibisha akikosea, na aibu hiyo ndiyo inayozika habari. Tayari mwanasaikolojia wa Manchester, James Reason, alikuwa amefundisha kwamba ajali haiji kwa kosa moja. Kinga za mfumo alizifananisha na vipande vya jibini vyenye matundu: siku matundu yakipangana mstari mmoja, hatari hupenya hadi kwa mtu.

Mfano ukaja mapema. Mwandishi wa safu ya afya wa Boston Globe, Betsy Lehman, mwenye miaka 39, alikuwa akitibiwa saratani ya matiti katika taasisi ya Dana-Farber. Dozi ya siku nne nzima ya dawa kali iliandikwa kama dozi ya kila siku, akapewa hivyo siku nne. Daktari, wafamasia, wauguzi, wote waliipitisha. Alifariki 3 Desemba 1994. Kosa liligunduliwa Februari iliyofuata, na aliyeligundua hakuwa daktari. Alikuwa karani wa takwimu za utafiti.

Ndipo mwishoni mwa 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikatoa ripoti iliyokadiria kwamba makosa ya hospitali huua Wamarekani kati ya 44,000 na 98,000 kwa mwaka. Wanatakwimu wamegombana juu ya idadi hiyo hadi leo, maana kuamua kama mgonjwa aliyekuwa mahututi aliuawa na kosa au na ugonjwa si jambo la hesabu tupu. Lakini hata kwa tarakimu ya chini, serikali haikuweza kunyamaza. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani likaunda umoja wake wa usalama wa mgonjwa.

Ifakara na Dar es Salaam, 2007–2009

Moja ya kazi za umoja huo ilimpata mpasuaji wa Boston, Atul Gawande. Marubani walikuwa na karatasi ya ukaguzi kabla ya kuruka tangu ndege ya majaribio ya Boeing ilipoanguka Ohio mwaka 1935. Kwa nini chumba cha upasuaji kisiwe nayo? Timu yake ilitunga orodha ya mambo 19 katika vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka. Swali la kwanza ni la kumthibitisha mgonjwa mwenyewe: ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, na amekubali?

Majaribio yalianza Oktoba 2007 katika miji minane: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Delhi, Manila, na Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Mwezi uliofuata, kilomita 400 hivi kutoka hapo, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishwa. Aliyehitaji kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa; aliyehitaji kupasuliwa kichwa alipasuliwa goti. Wa pili alifariki baadaye, wa kwanza akapelekwa India. Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka magazeti ya wiki zile. Madaktari walisimamishwa, tume ikaundwa, na mitaani watu wakacheka kwa uchungu: ukienda Muhimbili ujiandike jina kwenye paji la uso. Mzaha huo ulikaribia jibu kuliko ghadhabu ya siku zile, kwa sababu kumwekea mgonjwa alama mwilini kabla ya kumpasua, na kulitamka jina lake kamili mbele ya timu nzima, ndiyo yaliyokuwa yakijaribiwa Ifakara.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ilitangazwa ulimwengu mzima. Wakosoaji walisema, na wana haki, kwamba kulinganisha kabla na baada peke yake hakuthibitishi kwamba ni karatasi iliyookoa. Tena moja ya mambo yaliyoulizwa lilikuwa kile kifaa cha kidoleni, na vyumba vingi vya upasuaji Afrika havikuwa nacho. Ililazimu mwaka 2011 lianzishwe shirika la hisani, Lifebox, la kuvigawa. Karatasi haiwezi kukagua kisichokuwepo.

Nairobi, 2018

Kufikia mwaka huo orodha hiyo ya upasuaji haikuwa ngeni Kenya. Hata hivyo, Februari 2018 wanaume wawili walikuwa wamelazwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta wakiwa hawajitambui. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, wa pili uvimbe usiohitaji kisu. Vitambulisho vyao vilichanganyika. Asiyehitaji akafunguliwa fuvu, na wapasuaji walihangaika kwa saa kadhaa wakitafuta donge la damu ambalo halikuwepo, hadi wakang'amua kwamba huyu si yule. Ilielezwa baadaye kwamba wote wawili walikuwa wakiendelea vizuri, na kwamba yule wa damu iliyoganda huenda asihitaji tena upasuaji.

Orodha humtaka mgonjwa aseme jina lake. Huyu hakuweza kusema. Hapo tegemeo lote lilikuwa kipande cha utepe, kilichofungwa wodini na mtu mwenye zamu nzito, katika hospitali ambayo kwa miaka imelaza wagonjwa wengi kuliko vitanda vyake. Daktari mpasuaji aliyekuwa akisomea ubingwa, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa na mtaalamu wa usingizi walisimamishwa kazi. Waziri wa Afya, Sicily Kariuki, akampeleka likizo ya lazima mkuu wa hospitali. Madaktari wanafunzi wa ubingwa wakagoma wakidai mwenzao arudishwe: yeye, walisema, alipasua mgonjwa aliyeletewa.

Nashville na baada yake

Asidhani mtu kwamba haya ni ya kwetu tu. Desemba 2017, hospitali moja ya Nashville, Marekani, muuguzi alitaka dawa ya kumtuliza mama wa miaka 75 kabla ya kupigwa picha. Aliandika herufi mbili za kwanza za jina lake kwenye kabati la dawa la kompyuta, nalo likamtolea dawa ya kupoozesha misuli. Mgonjwa akafa. Muuguzi alikiri mwenyewe. Machi 2022 alitiwa hatiani kwa jinai, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Wauguzi wa nchi nzima waliandamana, wakiuliza ni nani atakayekiri tena. Miaka miwili baadaye jimbo jirani la Kentucky likapitisha sheria ya kuwakinga wahudumu wa afya na mashtaka ya jinai kwa makosa yasiyo ya kukusudia.

Nchi mbili zilikuwa zimeshatafuta njia nyingine zamani. New Zealand tangu 1974, na Sweden tangu 1975, zilianza kutenganisha fidia na hatia: aliyedhuriwa hulipwa kutoka mfuko wa bima bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu alizembea. Uchunguzi wa kosa huenda njia yake, na adhabu, ikistahili, njia yake. Kwetu njia ni moja. Familia ya Dar es Salaam au Nairobi inayotaka gharama za kumtunza ndugu aliyepooza mezani pa upasuaji inapaswa kwenda mahakamani kuthibitisha uzembe, na wakili mwema atawaambia watafute jina. Hospitali nayo, ikijua hivyo, hulifungia faili kabatini na kuwaonya wafanyakazi wasiseme kitu. Anayekwenda kulalamika kwenye baraza la madaktari hukutana na chombo kilichoundwa hasa kupima mwenendo wa daktari mmoja mmoja. Kinaweza kumfutia leseni. Hakiwezi kuiongezea wodi muuguzi wa pili wa usiku.